Floradora: maswali mnayoniuliza kuhusu kokteli ya jini iliyotoka jukwaani

Kila nikimwekea mgeni bilauri hii ya pinki, maswali ni yale yale. Nimechoka kuyajibu huku nakamua ndimu, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Anayetaka vipimo tu aruke hadi katikati. Anayependa umbea wa stejini aanzie juu.

Floradora ni kitu gani?

Ni kokteli ndefu ya jini. Ndani yake kuna jini, maji ya ndimu, shira ya rasiberi na soda ya tangawizi, vyote kwenye bilauri ndefu iliyojaa barafu. Ilizaliwa New York mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lake imelitoa kwenye mchezo wa kuigiza wenye nyimbo ambao wakati huo ulikuwa gumzo la mji. Ukiinywa bila kuambiwa, utadhani ni soda ya watoto mpaka bilauri ya pili.

Jini? Huogopi?

Mpwa wangu aliona karatasi ukutani jikoni, nimeandika "jini mililita 45", akaniuliza kama ni yule wa baharini au wa kwenye mbuyu. Hapana, mwanangu. Huyo wa baharini hapimwi kwa mililita.

Jini ya chupa ni pombe kali isiyo na rangi, iliyotiwa harufu kwa matunda madogo ya mti wa juniperi. Mti huo una ndugu yake kwetu: mtarakwa, ule wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ambao mbao zake zimejenga nyua nyingi. Siku hizi Nairobi kuna jini inayoitwa Procera, inayotengenezwa kwa matunda ya mtarakwa huo huo. Bei yake ni ya wenye nazo. Kwa Floradora sikushauri, maana tangawizi na rasiberi zitaifunika na hela yako itakuwa imezama humo.

Huo mchezo ulikuwa upi?

Uliitwa Florodora. Muziki ni wa Leslie Stuart na tamthilia ni ya Owen Hall. Ulifunguliwa London, ukumbi wa Lyric, tarehe 11 Novemba 1899, ukaonyeshwa mara 455. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1900, ukafunguliwa New York kwenye ukumbi wa Casino, Broadway, mtaa wa kumbi za maonyesho, na huko ukavuka maonyesho 550. Kwa zama zile hayo yalikuwa maajabu.

Kisa chenyewe ni cha kuchekesha kwa namna ya kizamani. Florodora ni jina la kisiwa cha kubuni huko Ufilipino, na pia jina la manukato yanayotengenezwa kwa maua ya kisiwa hicho. Mmarekani mmoja tajiri, Gilfain, amekikalia kisiwa na biashara yake, na kumbe mwenye mali halali ni binti anayeitwa Dolores, ambaye anafanya kazi pale pale shambani. Binti anampenda msimamizi, msimamizi kumbe ni bwana mkubwa wa Uingereza aliyejificha, na kuna mpelelezi anayejifanya fundi wa kusoma tabia za watu kwa kupapasa vichwa vyao. Sehemu ya pili wote wanahamia kwenye ngome huko Wales. Usiniulize kwa nini, ni komedi.

Kinachonishangaza kila nikiifikiria ni tarehe. Desemba 1898 Hispania iliikabidhi Marekani Ufilipino kwa dola milioni 20. Februari 1899 Wafilipino na Wamarekani walikuwa tayari wanapigana. Novemba hiyo hiyo watu wa London wanacheka Mmarekani aliyejitwalia kisiwa cha Ufilipino kisicho chake. Mwaka uliofuata watu wa New York wenyewe wakanunua tiketi na kucheka pia.

Sasa mchezo wa kuigiza unapataje kokteli?

Hapa ndipo penyewe. Katika sehemu ya pili kuna wimbo wa watu 12, wanawake 6 na wanaume 6. Wanaume wanauliza, kwa maneno yangu: niambie, mrembo, kwenu wapo wengine kama wewe? Wanawake wanajibu kwamba wapo wachache, bwana, ila wa namna yao hasa. Wanatembea wawiliwawili, wanasimama, wanageuka, wanazungusha miavuli. Basi. Hakuna sarakasi, hakuna kuvua nguo.

Mji ukapagawa. Wale wanawake sita wa New York walivaa magauni ya pinki na kofia nyeusi za manyoya, na kila mmoja ana mwavuli mkononi. Inasimuliwa walichaguliwa kwa kipimo, urefu kama sentimita 163 na uzito kama kilo 59, yaani wafanane kama bilauri za seti moja. Vijana wa kitajiri walirudi usiku baada ya usiku kwa ajili ya wimbo huo mmoja, kisha wakaenda kusimama kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi na maua mikononi. Kwetu, taarabu ikikolea, anayeguswa na wimbo huinuka, akacheza taratibu hadi mbele na kumtuza mwimbaji noti mbele ya kadamnasi. Kule kutuza kulifanyika nje, kwenye gari la farasi, na malipo yake yalikuwa chakula cha usiku, vito, na kwa baadhi ndoa. Ikaenea hadithi kwamba wote sita waliolewa na mamilionea. Hadithi hiyo imetiwa chumvi, lakini ndiyo iliyowaleta wasichana wengine mlangoni kuomba kazi.

Kwa hiyo jina la Florodora likabandikwa kwenye kila kitu, na kaunta za baa hazikubaki nyuma. Kinywaji cha pinki, kitamu, chenye kuchangamka, cha kunywewa na msichana aliyetoka kucheza saa tatu mfululizo na ana kiu. Nadhani hicho ndicho watu husahau wanapokitengeneza leo kwa adabu nyingi mno. Hiki ni kinywaji cha kiu. Si cha kunusia.

Evelyn Nesbit alikuwa mmoja wa wale sita?

Evelyn alikuwa mwanamitindo maarufu wa New York. Hapana, hakuwa mmoja wao, ingawa utasoma hivyo mahali pengi. Alikuwemo kwenye mchezo mwaka 1901, lakini miongoni mwa waitikiaji, hajafika hata miaka 18. Akiwa humo ndipo alipojulikana na Stanford White, msanifu majengo maarufu aliyemzidi umri mara mbili na zaidi, na uhusiano ule ulimwachia jeraha. Tarehe 25 Juni 1906 mume wa Evelyn, Harry Thaw, alimpiga White risasi akamuua, juu ya paa la Madison Square Garden, jengo alilolichora White mwenyewe, katikati ya onyesho la muziki. Kesi ya kwanza wazee wa baraza walishindwa kukubaliana. Ya pili, mwaka 1908, Thaw akaonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu.

Watu hupenda kuileta hadithi hii mezani kama kitafunwa. Mimi huwa naisimulia baada ya bilauri kuisha, na kwa kifupi.

Ni Floradora au Florodora?

Mchezo una "o" mbili, Florodora. Kokteli imezoeleka kwa "a", Floradora. Mtu wa kaunta hakuwa na haja ya kwenda kuangalia bango.

Vipimo je?

Kwa bilauri moja:

Jini mililita 45, yaani toti moja na nusu kwa toti ya mililita 30.
Maji ya ndimu mililita 15.
Shira ya rasiberi mililita 15.
Soda ya tangawizi baridi, kama mililita 90.

Ninaposema ndimu nasema ile ndogo ya kijani yenye ganda jembamba, si limau la manjano. Isugue kwanza juu ya meza kwa kiganja, ukiikandamiza, mpaka uisikie imelegea. Ndimu iliyotoka kwenye friji ikakatwa papo hapo hutoa nusu ya maji yake, na ile nusu nyingine unaitupa.

Jaza bilauri ndefu barafu hadi juu. Si vipande vitatu. Barafu chache huyeyuka haraka na kinywaji kinakuwa maji ya kuoshea vikombe. Weka jini, ndimu na shira kwenye sheka, yaani kopo la kutikisia kokteli, pamoja na barafu, tikisa kama sekunde 10, chuja kwenye bilauri, halafu mimina soda taratibu na uinue mara moja kwa kijiko kirefu kutoka chini. Ukiona pinki imetulia chini na rangi ya asali iko juu, bado hujainua vizuri. Kama huna sheka, chupa ya jamu yenye kifuniko inatosha kabisa.

Soda haiingii kwenye sheka! Nasema kwa uchungu. Mara ya kwanza nilitia vyote pamoja, nikafunga, nikatikisa kwa mbwembwe mbele ya shemeji zangu wawili. Kifuniko kiligonga taa. Doa la pinki bado liko darini, juu kidogo ya kabati la vyombo, na kila Krismasi kuna mtu wa kuninyooshea kidole.

Shira ya rasiberi inapikwaje?

Anayejua kupika shira ya kaimati ameshamaliza nusu ya kazi. Rasiberi gramu 250, sukari gramu 250, maji mililita 120. Weka kwenye sufuria, moto mdogo, ponda kwa mwiko zikianza kulainika, acha ichemke pole pole dakika 10. Isiwe nzito ya kuvutika kama ya kaimati, iwe ya kudondoka. Chuja kwa chujio la chai huku unasukuma kwa kijiko, maana mbegu ni nyingi na hukwama kwenye meno. Ikipoa itie kwenye chupa safi, iweke kwenye friji. Wiki mbili haina tatizo. Kiasi hicho kinatosha bilauri kama 20.

Rasiberi zenyewe ni ghali, au hazipo kabisa. Nifanyeje?

Zilizogandishwa ni nafuu kuliko mbichi na kwa shira hazina upungufu wowote. Usipozipata, tumia forosadi. Mforosadi ukizaa huzaa mpaka watoto wa jirani wanatembea na midomo ya zambarau, na shira yake ina uchachu unaofaa. Ongeza ndimu kidogo tu. Stroberi nazo zinafaa, ila ni tamu mno na rangi yake hufifia.

Mtaalamu atakwambia ikiwa na forosadi si Floradora. Ni kweli. Mwambie aje na rasiberi zake.

Nisichokubali ni ile chupa ya rangi iliyoandikwa "ladha ya rasiberi". Niliwahi kununua moja dukani kwa haraka, wageni wako njiani. Ilinukia dawa ya kikohozi ya watoto, ile unayofukuzana na mtoto kuzunguka meza ili anywe.

Soda ya tangawizi ipi? Stoney si kali mno?

Hili ndilo swali ninalolipenda. Vitabu vya sasa vinataka soda ya tangawizi nyepesi, nyeupe, isiyowasha, kama Canada Dry. Lakini hesabu miaka. Canada Dry ilitengenezwa Toronto mwaka 1904, na kabla ya aina hiyo kavu kushika soko, soda ya tangawizi iliyokuwa ikinywewa Marekani ilikuwa ya rangi ya dhahabu, tamu zaidi na yenye kuwasha zaidi, mtindo ulioletwa kutoka Ireland. Wasichana wa Florodora walikuwa jukwaani mwaka 1900 na 1901. Walichokunywa hakikuwa kile chepesi cha leo.

Kwa hiyo Stoney Tangawizi, pamoja na kupiga puani, haiko mbali na ya kale kama watu wanavyodhani. Mimi naitumia bila aibu. Ninachobadili ni kipimo cha shira: napunguza mililita 15 hadi 10, maana Stoney ina sukari yake. Ndimu naiongeza tone. Ukipenda kutumia tangawizi ya kutwanga mwenyewe, iliyochemshwa na kuchujwa, ikapozwa na kuongezwa soda ya maji, utapata kitu kizuri kuliko vyote, ila sitakudanganya kwamba nafanya hivyo siku za kazi.

Naweza kutumia Konyagi?

Unaweza, na wengi Dar wataona hapo ndipo inapopata ladha ya nyumbani. Konyagi ina asilimia 35 ya kileo, pungufu ya jini nyingi, na harufu yake ni ya upole zaidi, basi rasiberi itatamba. Uganda Waragi nayo inaingia vizuri. Jina lake, wanasimulia, limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita, kwa hiyo kwenye kokteli ya jini haiingii kama mgeni.

Ila kuna mtego wa jina. Vitabu vya zamani vina ndugu wa kokteli hii anayeitwa Floradora Imperial, ambaye badala ya jini anatiwa konyaki, yaani brandi ya zabibu ya Ufaransa. Konyaki hiyo siyo Konyagi yetu, japo jina limetoka huko huko. Rafiki yangu alinipigia simu kwa furaha kwamba ametengeneza Imperial kwa bei ya kutupa. Nikamuuliza chupa ina rangi gani. Akanyamaza. Ile ya Kifaransa ni ya kahawia.

Si ndiyo Pink Lady hiyo?

Wanafanana mavazi, si damu. Pink Lady nayo imechukua jina la mchezo wa Broadway, wa mwaka 1911, muziki wa Ivan Caryll. Lakini ndani ina jini, grenadini (shira nyekundu ya komamanga) na ute wa yai, haina tangawizi, na huletwa kwenye glasi fupi yenye mguu na povu juu. Kokteli nyingine, Clover Club, ina rasiberi na ute wa yai, na asili yake ni klabu ya wanaume huko Philadelphia. Ukiona yai, siyo Floradora. Ukiona bilauri ndefu na mapovu ya soda, unakaribia.

Kina nguvu kiasi gani?

Jini ya asilimia 40, mililita 45, ina mililita 18 za kileo halisi, kama gramu 14. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hesabu hiyo Floradora moja ni pungufu ya bia kubwa moja. Tatizo ni mwendo. Bia unakaa nayo, hii inateremka dakika 10 kwa sababu ya utamu, na aliyekunywa tatu atainuka akidhani amekunywa juisi. Dereva asionje. Walio chini ya miaka 18 wana swali lao hapa chini.

Wageni wangu hawanywi pombe. Wakose?

Wasikose. Ondoa jini, ongeza ndimu hadi mililita 25, weka shira na soda ya tangawizi, na majani mawili ya mnanaa yaliyopigwa kofi kati ya viganja. Mama mkwe wangu anaiita sharubati ya miavuli tangu nilipomwonyesha picha ya wale wanawake sita.

Na kwa mwenye Vimto nyumbani, kuna njia ya mkato. Vimto ilibuniwa Manchester mwaka 1908 na John Noel Nichols, na kati ya matunda yake rasiberi imo, pamoja na zabibu na karanti nyeusi. Pwani na Omani haikosekani mezani Ramadhani. Kijiko kimoja kikubwa cha ile nzito isiyochanganywa maji, ndimu ya kutosha, Stoney baridi, barafu. Itakuwa ya zambarau badala ya pinki. Kwa meza ya futari tengeneza hii tu, na usimtaje yule mwenzake wa kwenye chupa nyingine.

Mbona kokteli yenyewe ilipotea?

Mchezo ulizeeka, mitindo ikabadilika, na Januari 1920 Marekani ikapiga marufuku pombe nchi nzima hadi Desemba 1933. Cha kuchekesha ni kwamba Aprili 1920 Florodora ilirudishwa jukwaani New York, ukumbi wa Century. Wimbo ukarudi na miavuli ikarudi, lakini mtu aliyetoka ukumbini akiwa na hamu ya Floradora alikuwa na soda ya tangawizi, ndimu na shira, na hakuna wa kumuuzia kilichobaki kwa njia ya halali. Yaani mji mzima ulikuwa unakunywa ile ya mama mkwe wangu.

Nina wageni wanane. Nitatikisa mara nane?

Usijitese. Kwenye jagi kubwa changanya jini mililita 360, maji ya ndimu mililita 120 (ndimu nane, andaa na ya tisa), shira mililita 120. Weka kwenye friji tangu mchana, bila barafu na bila soda. Wageni wakikaa, jaza bilauri barafu, mimina kutoka kwenye jagi hadi kama thuluthi, kila mtu ajazie soda yake mwenyewe. Soda mililita 720 inatosha mzunguko mmoja. Chupa ya jini ya mililita 750 inatoa bilauri 16, na inabaki kidogo chini. Hiyo iliyobaki ni ya aliyekamua ndimu.